Kopo la Chini

Nasimiyu alikuwa mwanamke wa kuchagua. Katika kuchagua mume huenda aliharakisha kidogo, hilo tutaliona, lakini vyombo alivichagua kama mtu anayechagua mkwe.

Alikuwa Mbukusu wa Bungoma, akavushwa mpaka kuingia Uganda na mume wake Okoth, dereva, wakapanga nyumba Masese karibu na Jinja, pale ambapo harufu ya samaki huamka kabla ya watu. Wana wao wanne walikuwa wamekua na kutawanyika, Enos yuko Nairobi, wenzake wako wanakojua wenyewe. Nyumbani wakabaki wawili, na lori. Okoth aliendesha lori la mabati la tajiri mmoja wa mjini. Asubuhi anapakia Jinja, mchana anapakua Mbale, jioni amerudi. Tumbo lake lilikuwa la kudeka, kila hoteli ya barabarani lilikataa, basi Nasimiyu akawa anamfungia chakula.

Hapo ndipo vita vya vyombo vilipoanza.

Kwanza alitumia kopo la siagi, kama watu wote. Kila nyumba ina kopo la siagi, na ndani yake hakuna siagi. Akatia maharage yaliyotoka motoni yakitokota, kopo likajikunja kama mzee mwenye baridi yabisi. Jioni Okoth akasema maharage yalikuwa na ladha ya ndoo. Nasimiyu akalinusa lile kopo.

"Okoth," alisema, "kama ladha ya kopo imeingia kwenye maharage, basi kopo lenyewe limeingia kwako."

Tangu siku hiyo kopo likawa la sindano na nyuzi.

Jirani yake Edinah alimshauri afunge chakula kwenye kavera, ule mfuko wa plastiki. "Mji mzima unapika ndizi kwa mvuke ndani ya kavera, Mama Enos. Nani amekufa?"

"Waliokufa hawarudi kusimulia, Edinah."

Akanunua bakuli la kioo. Kioo hakina ladha wala harufu, lakini matuta ya barabara ya Iganga hayaheshimu kioo. Siku hiyo Okoth alikula mchicha akiutafuna kwa woga. Kisha ikaja hotipoti ya plastiki yenye maua. Hiyo ilitunza joto vizuri, ila mchuzi ulipita kwenye mfuniko ukamwagikia suruali mahali pabaya, na mwanamume mzima akaingia bohari la Mbale akitembea upandeupande kama kaa.

Mwisho akaenda kwa Dhanlaxmi, mwenye duka la vyombo pale mjini Jinja. Walijuana miaka mingi.

"Mama Enos, umenunua vyombo vyote vya mji huu," Dhanlaxmi alimwambia. "Unamlisha mume, au unataka kufungua duka mbele yangu?"

"Namtafutia chombo kisichomuua, Mama Ashish."

Dhanlaxmi akapanda kistuli, akateremsha dabba: makopo matatu ya chuma kisichoshika kutu, moja juu ya jingine, yamebanwa kwa vishikizo viwili, na mpini juu. "Baba yangu alibeba chakula kiwandani kwa kitu kama hiki mpaka akastaafu," alisema. "Chuma hiki hakikwanguki wala hakinuki. Kizito weka chini, mchuzi katikati, mboga juu. Tia chakula kikiwa moto kabisa, funga, na asifungue mpaka saa ya kula. Na huu mpira wa mfuniko uvue, uoshe. Uchafu unapenda kujificha hapo."

"Kama wanaume," alisema Nasimiyu.

"Kama wanaume," Dhanlaxmi alikubali, akamfungia.

Fedha za kitenge cha Krismasi zikafia hapo dukani, lakini Nasimiyu alitoka amebeba dabba kama bibi harusi aliyebeba maua.

Na dabba likafanya kazi. Tumbo la Okoth likatulia, akanenepa shingo. Zaidi ya yote, lilirudi limeoshwa. Makopo yote matatu safi, yanang'aa. Nasimiyu akapita nyumba hadi nyumba akitangaza: mwanamume anayeosha chombo chake, mmemwona wapi?

"Angalia," Edinah alimwambia. "Mwanamume akiosha kitu, ujue kilikuwa kichafu."

Nasimiyu akacheka. Alisema wivu nao ni ugonjwa.

Sasa, ikaja siku ya mvua. Ilinyesha kuanzia Tirinyi, lori likakwama nyuma ya malori mengine, na Okoth akafika nyumbani amelowa na amechoka. Akaweka dabba juu ya meza, akajitupa kwenye kochi, akalala na viatu vyake. Nasimiyu akavivua, akamfunika, kisha akachukua dabba aliweke mahali pake. Likamwambia mkono kwamba ni zito.

Kopo la juu lilikuwa tupu, limeoshwa. La katikati hivyohivyo. Akafungua la chini.

Yalikuwa malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi. Yamepikwa kwa karanga zilizopondwa vizuri, laini, na juu yake kimewekwa kipande safi cha jani la mgomba ili mvuke usidondoke kwenye chakula.

Nasimiyu akakaa.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye bakuli, bakuli unalirudisha na chochote ulicho nacho, hata yai moja, hata chumvi. Hoteli haina adabu hiyo, na wapakuzi wa mabati hawana. Mwenye adabu hiyo ni mwanamke mwenye jiko lake, anayemshukuru mwanamke mwenzake kwa chakula. Kwa hiyo kule Mbale palikuwa na jiko. Na kwa kuwa mwenye jiko alishukuru kwa utaratibu wa mtu aliyezoea, basi hii haikuwa mara ya kwanza. Siku zote dabba lilikuwa linarudi na kitu, na Okoth alikuwa anakila njiani, anaosha makopo kwenye bomba la kituo cha petroli, anamletea usafi. Usafi ule ule alioutangaza nyumba hadi nyumba.

Akaonja malewa kwa kidole. Yalikuwa matamu. Hilo lilimuumiza kuliko kama yangekuwa mabaya.

Akamtazama Okoth anavyokoroma, akavitazama vile viatu alivyomvua kwa mikono yake. Akatamani amvishe tena.

Asubuhi aliliosha kopo la chini. Alifunga chakula kama kawaida, samaki kopo la kati, ugali chini, na Okoth akabeba dabba bila kuuliza kilichokuwamo jana. Alipoondoka kwenda kupakia, Nasimiyu akavaa gauni la kanisani, akapanda gari la abiria la Mbale. Lori la mabati hupakiwa taratibu. Alijua atatangulia.

Mbale kwenye bohari aliwakuta wapakuzi wamekaa juu ya mbao wakisubiri.

"Namtafuta dereva Okoth."

"Hajafika, mama. Lakini akifika huenda kwanza kwake kula. Nyuma hapo Namakwekwe, mlango wa kijani."

"Kwake?"

"Kwake."

Neno hilo alilibeba njia nzima kama kaa la moto kwenye kiganja, jabali la Wanale likimwangalia kutoka juu.

Kwenye mlango wa kijani mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa anafua, na mtoto wa kike amekaa kwenye mkeka anavunja njiti za kibiriti vipandevipande.

"Karibu, mama. Unatoka wapi?"

"Jinja. Mimi ndiye ninayepika chakula cha Okoth."

Yule mwanamke akaiacha nguo majini, akapiga magoti palepale penye povu, akatoa mikono yote miwili. "Wifi," alisema. "Wifi mwenyewe. Nimemsumbua Okoth akulete, anasema miguu yako inavimba. Mimi ni Nandutu."

Mmoja alisema Kigisu, mwingine Kibukusu, na hizo ni lugha za tumbo moja. Nasimiyu hakupata hata nafasi ya kujidanganya kwamba hakuelewa.

Akakaribishwa kiti. Akaletewa chai ya maziwa kabla hajaiomba. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Kaka yangu alikwambia nini juu yangu?"

"Kwamba wewe ni dada yake mkubwa, uliyeolewa Bungoma. Kwamba u mjane, huna mtu. Ndiyo maana unampikia, unajifariji." Nandutu akainamisha kichwa. "Pole, wifi."

"Alikwambia mume wangu alikufa na nini?"

"Alisema ni lori."

Nasimiyu akanywa chai. "Ni kweli," alisema. "Ni lori."

Mtoto akaja kumshika gauni. Aliitwa Topista. Nasimiyu aliposikia, akaweka kikombe chini. Topista lilikuwa jina la mama yake Okoth, marehemu, aliyemtunza Nasimiyu kama binti yake. Jina hilo Nasimiyu alilibebea mimba nne, na kila mara alizaa mvulana, na Okoth alimwambia, si kitu, tutaliacha lilale. Halikulala. Lilikuwa limesimama hapa, limeshika gauni lake la kanisani kwa vidole vya kibiriti.

Nandutu alitaka kumfurahisha mgeni. Akamwonyesha rafu ya vyombo: vikombe vya chuma, kikopo cha chuma cha uji wa mtoto, hakuna plastiki hata moja. "Haya yote ni Okoth," alisema. "Alinitupia makopo yangu yote ya siagi. Aliniambia, kama ladha ya kopo imeingia kwenye maharage, basi kopo lenyewe limeingia kwa mtoto. Nikasema, huyu mwanamume ana akili."

Hapo Nasimiyu akakisukuma kikombe mbali. Chakula alikwisha kukisamehe, au alidhani anaweza. Jina angelililia baadaye. Lakini maneno yake mwenyewe, aliyoyapata kwa kunusa kopo jikoni kwake, Okoth aliyabeba mpaka huku akamlea nayo mtoto wa mwanamke mwingine.

Lori likanguruma nje, likazima. Okoth akaingia na dabba mkononi.

Nasimiyu alimngojea aseme. Hakuwa na matumaini makubwa. Angemwita Nasimiyu, au Mama Enos, au angekosa la kusema akakaa chini, angelia, wangegombana, wangerudi nyumbani wakigombana kama watu waliooana. Okoth akamtazama Nandutu. Akamtazama mtoto. Kisha akatabasamu kwa nusu ya mdomo.

"Dada," alisema. "Umefika salama?"

"Nimefika, kaka."

Akamwacha ale. Okoth alifungua dabba, na mtoto akajipenyeza, akapewa ile sehemu ya tumbo la samaki isiyo na miba. Nasimiyu alikuwa amemwekea Okoth sehemu hiyo kwa miaka yote. Akaiangalia inavyoliwa.

"Nandutu, mwanangu," alisema, "kwa yale malewa hukuwa unamshukuru wifi. Mimi ni mke wake, tuna wana wanne. Mume wangu hajafa, ndiye huyo anatafuna."

Okoth akaacha kutafuna.

"Lakini leo, mbele yako, ameniita dada, na mimi ninasikia vizuri. Kuanzia leo mimi ni dada yake. Chakula cha kaka hupikwa na mkewe. Dabba hilo likae hapa. Mpira wa mfuniko uuvue unapoosha."

Nandutu hakulia. Alimtazama Okoth kama mtu aliyeokota mfuniko na hajui ni wa chombo gani. "Mjane," alisema polepole. "Ulisema ni mjane."

"Nitaeleza."

"Eleza," wote wawili walimwambia kwa pamoja, na Okoth akaanza kufunika makopo.

Kurudi Jinja Nasimiyu alipanda lori la Okoth. Kukasirika ni kukasirika, na nauli ni nauli. Walipita Tirinyi. Karibu na Iganga Okoth akasema, "Nasimiyu, ulikuwa ulimi tu. Ulimi uliteleza."

"Na ulimi ndio ulionioa, kaka. Hakuna kingine ulichokuwa nacho."

Nyumbani alitandika godoro sebuleni, shuka safi, mto, maji ya kunywa kwenye jagi. Okoth akacheka kidogo, kama anayesubiri mtu wa kucheka naye.

"Hii ni nini?"

"Ndugu wakitutembelea hulala hapo."

"Mzaha huu utaisha lini, Mama Enos?"

"Muulize aliyeuanza." Akaingia chumbani, akaweka komeo, na Okoth akalisikia likiingia mahali pake.

Asubuhi mwili ulimwamsha Nasimiyu saa ileile, haukuwa umeambiwa habari. Alijikuta jikoni moto umewaka, muhogo umekwisha menywa, maji yanatokota, na ndipo alipoona kwamba mkono umepika wa watu wawili. Sebuleni Okoth alikohoa kile kikohozi chake cha mtu aliyesikia harufu ya chakula.

Nasimiyu akavuta kigoda, akakaa mlangoni mwa jiko, akala fungu lake. Akasikia mume, kaka, yeyote yule, anavaa viatu, anasimama, anangoja. Akavuta fungu la pili. Hakuwa na njaa tena. Alikula kipande kimoja kimoja, machozi yakimwingia mdomoni na muhogo, mpaka sufuria ikabaki na maji, mpaka mlango wa nje ukafungwa na lori likaondoka na tumbo tupu.

Tumbo lilimuuma Nasimiyu mpaka jioni.