Kiti cha Wijntje Kwenye Meza ya Bwana

Watu mia nane wa kijiji kimoja cha Uholanzi walijaa kanisani kwao kila Jumapili, asubuhi na alasiri, wanawake wote na kofia zao na soksi nyeusi. Lakini siku ya ushirika, waliothubutu kuikaribia meza ya Bwana walikuwa kumi na mmoja tu. Waliosalia walibaki kwenye mabenchi wakimung'unya peremende. Si kwamba hawakuamini. Waliamini mno hata wakaogopa, maana anayekula bila kustahili hujilia hukumu, na nani ajuaye kama kweli ameongoka?

Wijntje alijua. Aya moja ya zaburi ilimshukia miaka ishirini na miwili iliyopita akikamua ng'ombe, na hakuna mtu kijijini asiyeijua habari hiyo, hata jina la ng'ombe mwenyewe. Tangu hapo akawa na kiti chake mezani, cha tatu kutoka kwa mchungaji. Kutoka pale aliwatazama wale wa mabenchini kama mtu anayetazama viazi vilivyooza, akichagua kipi cha kutupwa kwanza. Na wa kwanza kabisa alikuwa mumewe.

Jumamosi hiyo walikuwa jikoni wakimenya viazi vya kesho, kwa kuwa Jumapili kisu hakishikwi. Teunis alimenya polepole. Moyo wake ulikuwa mbovu, na Jumanne angepasuliwa.

"Kesho nakuja mezani," akasema.

Wijntje akacheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. "Wewe? Umeongoka lini, we bwana? Ulipokuwa unakoroma kwenye mahubiri?"

"Sijui kama nimeongoka."

"Hujui! Basi mzee wa kanisa akikuuliza Bwana alikuambia nini, utamjibu nini?"

"Kwamba hakuniambia kitu. Miaka arobaini nasikiliza, sijasikia hata kunong'onezwa. Lakini namtaka, Wijntje. Namtaka kabla ya Jumanne."

Akasonya. "Unaogopa kisu cha daktari, hilo tu. Maji yamekufika shingoni ndiyo unamkumbuka Mungu."

"Kweli naogopa. Twende pamoja, basi. Unishike mkono, miguu haina nguvu."

Wijntje akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye viatu vyake vya mbao. Mtu asiye na aya, asiye na siku ya kuongoka, asiye na hata ndoto moja ya kusimulia! Akae naye kiti kwa kiti, watu waseme meza ya Bwana siku hizi ni ya kila mtu? "Sikiliza," akasema. "Ukisimama wewe, mimi siendi. Nitabaki kwenye benchi, na kijiji kizima kitajua ni kwa ajili ya nani."

Alikuwa na hakika kwamba maneno hayo yangemmaliza. Kwa miaka thelathini na mitano ya ndoa maneno ya namna hiyo yalikuwa yakimmaliza.

Kesho yake mchungaji alipowaita wanaostahili, Teunis akasimama. Wijntje akamshika koti, akavuta. Teunis akaubandua mkono wake taratibu, akatoka kwenye benchi. Njia nzima ya katikati akaipita akishikilia benchi hili na lile, na watu mia nane wakasahau peremende mdomoni. Hakuna aliyemwambia akae wapi. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, cha tatu kutoka kwa mchungaji.

Wijntje alibaki ameketi, shingo imemwiva kwa aibu. Nyuma yake Aaltje, jirani yake, akaguna. Kumbe hivi ndivyo wanavyoguna, hawa wa mabenchini! Angeweza kuinuka bado. Kiti kimoja kilikuwa wazi mwisho wa meza, karibu na mlango, kiti cha mtu yeyote. Akakitazama kiti kile, akabetua midomo, hakuinuka.

Mkate ukapita, kikombe kikapita. Teunis akarudi vilevile, benchi kwa benchi, akaketi kando ya mkewe akihema. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujali nani anauona. Kisha akafungua kiganja chini ya kitabu cha zaburi. Ndani mlikuwa na nusu ya kipande cha mkate.

"Nimekubakizia," akanong'ona. "Hukuja."

"Ficha, mjinga wewe! Watu wanatuona."

"Waone. Kula, mke wangu."

Wijntje alikitaka. Mate yalimjaa mdomoni, akajistaajabia mwenyewe. Lakini kulishwa mbele ya Aaltje, tena na nani, na Teunis! Akavikunja vidole vya mumewe juu ya mkate kimoja kimoja. Zaburi ikaanza, naye akaimba kwa sauti kuliko mtu yeyote mle ndani.

Teunis akamngoja mpaka ubeti wa mwisho. Kisha akaula mwenyewe, kwa sababu mkate ule hautupwi.