Aliyefichwa kwa Naibu wa Chifu

Katika vilima vya Gesima, watoto watoro hawakumwogopa mtu kama walivyomwogopa Ochoki, naibu wa chifu. Kila Januari shule zikifunguliwa, yeye huvaa sare yake ya kaki, akachukua kifimbo, akapanda boda boda na kuanza msako. Mtoto atajificha kwenye majani chai, atapanda darini, atajifanya tumbo linamkata. Ochoki atamtoa tu. Na mzazi naye husomewa sheria papo hapo uani: elimu ni lazima, si hiari, na asiyempeleka mtoto shule ataenda kujieleza kortini. Wazazi walimsengenya sana, lakini watoto walienda. Kwa hilo tumpe haki yake.

Mwaka huu sasa, mtu huyo huyo alikuwa amemficha mtoto nyumbani kwake.

Mambo yalianza hivi. Binti yake, Nyanchoka, alikuwa anaingia Gredi ya Kumi. Kabla majina hayajatoka, Ochoki alishatangaza kila mahali, sokoni, kanisani, hata kwenye kituo cha kupimia majani chai, kwamba binti anakwenda shule kubwa ya bweni, zile zenye mabasi mawili na bwawa la kuogelea. Majina yakatoka. Nyanchoka akawa amepangiwa shule ya kutwa iliyo chini ya kilima chao, ile ambayo kengele yake aliisikia akiwa kitandani. Ochoki akaomba uhamisho, akaambiwa asubiri. Badala ya kunyamaza akasubiri kama watu wengine, akawaacha wazee wa kanisa wamwombee binti safari njema siku ya Sabato, kanisa zima limesimama na macho yamefumbwa. Baada ya maombi kama hayo, utamtembeza mtoto sokoni kwa uso gani? Basi Nyanchoka akawa "ameshaenda". Akakaa ndani, pazia limeshushwa, na majirani wakipita hathubutu hata kukohoa.

Gladys, mkewe Ochoki, alimsihi mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili upole ulikuwa umekwisha.

"Baba Nyanchoka, watoto wa watu unawatoa darini, wako umempandisha."

"Uhamisho uko njiani," Ochoki alijibu.

Moyoni hakuamini. Kila asubuhi kengele ilipolia alijua kwamba mtoto wake, msichana aliyependa hesabu kuliko chakula, anapitwa na somo kwa sababu ya mdomo wa baba yake. Na wiki zilikuwa zinakwenda. Hakuwa mtu mbaya, Ochoki. Alikuwa na majivuno, na majivuno ni mzigo rahisi kujitwika. Kazi ni kuutua mbele ya watu. Usingizi ulimpaa. Akienda kwenye misako alikuwa mkali kupita kawaida, na wazazi wakajiuliza mwaka huu naibu kaumwa na nini.

Wiki ya tatu akapata habari kwamba Jacinta, aliyekuwa darasa moja na Nyanchoka na aliyepangiwa shule ile ile ya kutwa, hajaripoti. Mama yake, Mong'ina, alikuwa mjane anayechumia watu chai. Ochoki akamtumia ujumbe aje ofisini. Lakini Mong'ina si mtu wa kungojea ofisi ifunguliwe wakati majani yanakomaa. Asubuhi akamwendea huko huko nyumbani, kikapu cha kuchumia mgongoni, Jacinta akimfuata nyuma.

"Bwakire, chifu," alisalimu, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Ochoki alitupa jicho kwenye dirisha. Pazia lilikuwa limetulia.

"Mama Jacinta, kwa nini huyu mtoto hayuko shule?"

"Wewe unasema ni lazima. Sawa," Mong'ina alisema. "Lakini mimi nimeangalia, nikaona hii lazima ni ya watoto wetu tu. Watoto wa walimu hawako pale. Mtoto wa Anyona mwenye duka hayuko. Wako tulimwombea akaenda zake. Wamebaki wale ambao hakuna mtu mkubwa atawaulizia. Kama hiyo shule ni nzuri, mbona nyinyi nyote mnaikimbia?"

Ochoki akafanya alichozoea, akasafisha koo na kuanza hotuba anayoijua kwa moyo.

"Shule ni shule, Mama Jacinta. Serikali ni moja, mtihani ni mmoja. Sheria ililetwa ili mtoto wa tajiri na wa maskini wote wapate pa kuanzia. Mwenye bidii atasoma popote. Kesho nikimkuta huyu nyumbani, mimi na wewe tutakutana kortini."

Komeo la mlango likalia nyuma yake.

Nyanchoka alisimama mlangoni, amevaa sweta yake ya shule ya mwaka jana, mikono imeishia karibu na viwiko. Hakuwa amewahi kumjibu baba yake mbele ya wageni.

"Tata," alisema, "kama shule ni shule, mimi naenda na Jacinta."

Jikoni Gladys aliacha kusugua sufuria. Ochoki alitamani ardhi ipasuke immeze na sare yake yote. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na leo ulikuwa umemwingia barabara. Alingoja kicheko cha Mong'ina, kicheko ambacho kabla ya saa sita mchana kingekuwa kimefika mjini Keroka.

Mong'ina hakucheka. Alimtazama msichana, akamtazama baba, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuta mwenzake anaumwa jino lile lile.

"Kumbe na wewe, chifu. Mimi wangu nilimficha kwenye chai."

"Nilidanganya," Ochoki alisema. "Niliona aibu." Maneno yalimtoka kirahisi hata akashangaa. Akavuta pumzi, na pumzi ikaenda mpaka chini, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu majina yatoke. Hakuna aliyekufa. Jua liliendelea kuwaka.

Waliteremka kilima pamoja, wasichana wakitangulia, Gladys akiwakimbilia na chapati alizofunga kwenye gazeti. Dukani kwake, Anyona aliacha kupima sukari.

"Ochoki, si huyu tulimwombea safari?"

"Ndiye. Mungu amejibu kwa karibu," Ochoki alisema, akapita.

Miaka yote hiyo aliwafikisha watoto wa watu langoni, akageuza pikipiki. Leo aliingia. Mwalimu mkuu aliwapeleka hadi darasani, na wasichana wale wawili wakasogezewa nafasi kwenye dawati lililokuwa tayari na mwanafunzi mmoja. Nyanchoka alifungua daftari kabla hajakaa vizuri. Ochoki alimwona akiinua mkono kujibu swali la hesabu ambalo hata hakuulizwa, na macho yakamlowa. Alifurahi, na hakujali nani anamwona.

Kisha akaanza kutazama huku na huku. Madirisha hayakuwa na vioo hata kimoja.

"Mvua ikinyesha?" aliuliza.

"Tunahamia ukuta ule mwingine," mwalimu mkuu alisema.

"Wote?"

"Wote."

Mong'ina, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, alicheka sasa, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo.

"Jacinta, kaa usome," alisema. "Mtoto wa chifu hawezi kunyeshewa. Mkiwa pamoja, na wewe hutanyeshewa."

Ochoki alijua ni kweli. Aliweka kifimbo chake chini, akaenda kwenye dirisha la kwanza na kuanza kulipima kwa shubiri.