Ufunguo Walioachiwa Chui

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, dobi wa kambi ya watalii alipakia mashuka arobaini nyuma ya gari la kutazamia wanyama, akayafunika kwa turubai, kisha akapanda na kukaa juu yake. Gari la mizigo lilikuwa bovu, na kambi ya mlimani ilitaka mashuka kabla ya saa nne. Dereva alikuwa mtoto wa kaka yake. Aliwaeleza wageni kwamba leo wangekuwa na abiria wa ziada, shangazi yake.

Wageni walikuwa mtu na mkewe, walimu wastaafu, na walisema hakuna neno. Walikuwa wamezunguka siku sita bila kumwona chui hata mmoja. Twiga waliwaona mpaka wakawachoka. Mwalimu wa kike alikuwa ameshaanza kusema kwamba chui ni uzushi wa matangazo.

Shangazi alikuwa na miaka sitini na minane. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akifua mashuka ya kambi nje ya uzio, na muda wote huo hakuwahi kuingia hifadhini. Alizaliwa humo.

Kwenye kona ya pili ya mlima, chui jike alishuka mtini akasimama katikati ya barabara. Dereva akakanyaga breki.

"Shikamoo, mama," chui alisema, akimtazama aliyekaa juu ya turubai. "Wewe si binti wa mfinyanzi?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Na wewe wa nani, mwanangu?"

"Mjukuu wa jirani yenu, yule wa juu ya mti."

Mwalimu wa kiume aliuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kupiga picha. Dereva alimwambia asubiri kidogo, watu bado wanasalimiana.

"Mikono yako tunaijua," chui aliendelea. "Wageni wakipita tunainusa kwenye mashuka waliyolalia. Tukawa tunaulizana, kama yupo, mbona haji kwake?"

"Sikuwa na ruhusa."

"Aa," alisema chui, kama mtu aliyeambiwa kwamba barabara imefungwa kwa matengenezo. Akageuka, akatangulia. Dereva akaacha njia na kumfuata polepole kwenye majani.

Nyumba ilikuwa nyuma ya mawe makubwa mawili. Kuta zilifika magotini. Chui walikuwa kila mahali: watatu ukutani, mmoja mzee sebuleni, mama mmoja na watoto wake jikoni palipo na joto. Jumla yao kumi na mmoja. Uwanja ulikuwa umefagiwa kwa mikia.

Shangazi aliteremka, akajitengeneza kitenge, akasimama palipokuwa mlango.

"Hodi," alisema.

"Hodi ya nini, mwenye nyumba?" chui mzee alijibu kutoka ndani. "Pita!"

Hapo Shangazi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na watoto wa chui wakaja kumnusa miguu kujua kuna nini. Dereva alikuwa hajawahi kumsikia akicheka vile, naye akajikuta anacheka.

Chui mzee aliingia chumba cha ndani akarudi na ufunguo mdomoni, akauweka kiganjani mwa Shangazi. Siku kijiji kilipohamishwa, alieleza, watu walipewa saa moja. Mama yake Shangazi alifunga mlango kama kawaida ya mtu anayesafiri, akatafuta jirani wa kumwachia ufunguo. Majirani wote walikuwa wameshapakiwa kwenye lori. Akamwachia chui.

"Na mlango?" Shangazi aliuliza.

"Ulichomwa jioni ileile. Sisi tuliachiwa ufunguo tu, mama. Vyungu navyo vilikuwa vitatu. Kimoja kimevunjika, watoto walikuwa wanacheza. Tuwie radhi."

"Watoto ni watoto," alisema Shangazi. "Hata mimi niliwahi kuvunja viwili, nikamsingizia mbuzi."

Chui wote walicheka, hata waliokuwa ukutani. Asubuhi ikawa ya furaha tupu. Shangazi aliwaonyesha kilipokuwa kitanda chake, na wao wakamwonyesha dirisha lenye upepo mzuri. Mwalimu wa kike aliwapanga watoto wa chui kwa kimo, nao wakapangika. Mumewe alipiga picha zote alizotaka.

Mashuka yalifika kambini saa nane. Meneja alikuwa amejiandaa kufoka, lakini walimu walipomweleza walichokiona, aliagiza dobi apande gari kila siku alasiri. Bila yeye chui hawakutokea. Akiwemo, walikuja hadi kwenye mlango wa gari kumpokea.

Mwezi wa pili wa safari hizo Shangazi aliandika barua kuomba alale nyumbani kwake, walau siku za mapumziko. Alijibiwa kwa heshima kwamba sheria hairuhusu binadamu kuishi hifadhini, na kwamba eneo hilo halijawahi kuwa na wakazi. Aliwasomea chui barua hiyo. Chui mzee aliomba arudie sehemu ya mwisho, akacheka mpaka akakohoa.

Wakaendelea hivyohivyo. Alasiri Shangazi huketi sebuleni, mtoto wa chui kamlalia mapajani, akisimulia habari za kijiji: nani alimwoa nani, nani alikuwa mchoyo wa chumvi. Wageni husikiliza kutoka garini. Saa kumi na moja na nusu dereva hupiga honi.

"Shangazi, muda!"

"Nakuja, baba. Namalizia hapa."

Humalizia kweli, bila haraka. Kisha hupanda gari akiimba, na chui wawili humsindikiza hadi langoni. Mlinzi, kijana mwenye adabu, humwamkia, hufungua daftari na kuandika mstari uleule wa kila siku: mgeni mmoja, ametoka.