Kishindo Nyumba ya Pili

1.

Usiniamini haraka. Mimi ni mdogo wake, lazima nimtetee.

Naitwa Riziki. Nafundisha Kiingereza darasa la sita. Dada yangu Mejumaa amelala chumbani kwa mama, kichwa kimefungwa bendeji, na tangu alipoumia hajasema neno. Mumewe, Athumani, anasema aliteleza bafuni. Leo baada ya adhuhuri anakuja na wazee wake kumchukua.

Kumrudisha.

Kule kule.

2.

(Kituoni koplo aliuliza kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza. Mimi nimeyarudisha nyumbani maneno yake yote, ila moja lililokataa kurudi.)

MAELEZO YA SHAHIDI. Mimi, Nyevu Hamadi, mtu mzima mwenye akili timamu, ni jirani wa ukuta mmoja na familia iliyotajwa hapo juu. Asubuhi ya tarehe husika nikiwa nyumbani kwangu nilisikia thud kutoka nyumba ya pili. Baadaye niliarifiwa kwamba mke wa jirani ameanguka. Sina la kuongeza. Nimesomewa maelezo haya na kuyakubali.

3.

Thud. Kamusi ya shule inasema: sauti nzito, butu, ya kitu kizito kinapoanguka au kinapogonga kitu laini.

Mifano niliyozoea kuandika ubaoni:

Gunia limeanguka: thud.
Nazi imeanguka: thud.
Mtu ameanguka:

Tazama vizuri. Gunia halina aliyelisukuma. Nazi haina aliyeiangua. Kila kitu kimejiangusha chenyewe, mara moja, na mambo yamekwisha. Sisi tuna kishindo, tuna mrindimo, tuna ngurumo, na ukimwambia mtu umesikia kishindo atakuuliza cha nini. Koplo hakuuliza. Aliandika neno lake akafunga kalamu.

Nimelifundisha neno hili miaka yote bila kulishuku. Sasa nalishuku. Namshuku na koplo.

4.

[Hiki kilihusu Idi iliyopita, Mejumaa alipokuja kwetu na jicho lililovimba. Alisema amekuja kumwazima mama kinu, maana cha mama kilikuwa kimepasuka. Mama alikipokea kinu, akamrudisha Mejumaa kwa mumewe. Mama ameniomba nikifute kipande hiki. Nimekifuta.]

5.

TANGAZO LA MTAA

Mzee Shee Bwanamkuu amefariki alfajiri ya leo. Mazishi ni baada ya alasiri. Akina mama mnakumbushwa, kama ilivyo ada yetu, kwamba VINU VISISIKIKE mtaani hadi hitima isomwe. Wenye masinia na sufuria kubwa wazilete msibani.

Kamati.

(Lilibandikwa siku ile ile aliyoumia Mejumaa. Asubuhi ile ile.)

6.

Kwenye hitima, penye masufuria, migongo imenielekea:

— Si ndiye mdogo wake yule?

— Msalimie basi.

— Simsalimii. Dadake alitwanga na maiti bado yuko ndani!

— Weye umeambiwa na nani?

— Nyevu. Kasikia kwa masikio yake.

— Ndiyo maana Mungu akam—

Wakaniona.

7.

Nilimkuta Bi Nyevu uani kwake, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Sikukaribishwa, nikakaa.

"Bi Nyevu, siku ile ulisikia nini?"

"Si n'shasema polisi."

"Polisi wameandika kitu kilianguka. Mara moja."

Mkono ukasimama juu ya mbuzi.

"Mie Kizungu sikijui. Mie n'lisema vishindo. N'lirudi kuchukua masinia ya msibani, nikasikia hapo ukutani pu, pu, pu. Nikasema, mtoto huyu hana adabu, hata na msiba yuwatwanga! N'litaka kwenda kumgongea mlango nimtie adabu, nikaona, aa, n'tamsema kwa wenziwe."

"Ulimsema."

"N'limsema." Alikitazama kifuu mkononi. "Riziki mwanangu, kwani hakuwa yuwatwanga?"

Nilikuwa na hasira hata nikaogopa kufungua mdomo. Nilimwambia tu: kesho adhuhuri, njoo kwetu.

8.

Baraza, leo. Wazee wawili na Athumani, kanzu safi, manukato. Bi Nyevu pembeni, buibui limemfunika mpaka kwenye nyusi. Mejumaa kwenye kiti, mkono wangu begani mwake.

Msomaji, sogea. Nafasi ipo.

Mzee mmoja alisema polisi wamemaliza, karatasi imesema ajali, mke ni wa kwake. Bi Nyevu akakohoa. Akasema yeye alisikia vishindo vingi, kama mtu anayetwanga.

"Ndiyo!" Athumani alilidaka mapema, mapema mno. "Alikuwa akitwanga kisamvu. Kisha akaingia bafuni kunawa, akateleza. Nilimkataza, wazee, nikamwambia mtaa una msiba. Hasikii."

Wazee wakatikisa vichwa. Mke asiyesikia wanamjua.

Jikoni, mama alikuwa na wageni wa kulisha. Hata anayekuja kukuchukulia mwanao hupewa chakula.

Pu.

Mejumaa akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Pu.

Pu.

Hakuna aliyemwinulia mkono. Wote walimwona.

"Mama!" niliita. "Kinu hicho ni cha nani?"

"Cha dadako hicho!" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye jasho na shughuli. "Si aliniazima tangu Idi? Kwani mwenyewe anakitaka?"

Athumani akamtazama mzee wake. Mzee akatazama kikombe.

Bi Nyevu akalisukuma buibui nyuma mpaka uso wote ukawa wazi.

"Athumani," alisema. "Basi ulikuwa watwanga nini?"

"Mimi nili

 

 

Pu.