Lugha Iliyopunguza Watu Kimo

Karani wa ofisi ya maji alianza kupungua kimo siku ya pili ya mafunzo ya kompyuta. Aliandika programu ya kujumlisha maji yanayotumiwa na kila nyumba, akabonyeza, na skrini ikajibu: "Kosa. Haiwezekani." Viatu vikampwaya. Akajaribu tena, ikarudia yale yale, na miguu yake ikaacha kufika sakafuni.

"Ndivyo lugha hii ya kompyuta ilivyo," mwalimu alisema, akimletea mto wa kukalia. "Ikikukatalia, haisemi kwa nini."

Ilikuwa lazima aijue. Asiyefaulu mtihani angeachishwa kazi, na kazi yenyewe aliipenda, jamani, hata likizo zilimchosha. Wiki ilipoisha, mumewe, fundi wa friji, alimrudisha nyumbani ndani ya mfuko wa shati.

"Mke wangu, siku hizi nakubeba bila hata kuombwa."

"Cheka tu. Nitakufinya kifua humu humu."

Usiku huo fundi alimtengenezea ngazi ya kupandia kitandani.

Binti wa kaka yake karani, ambaye kazi yake ni kubuni lugha za kompyuta, alikuja kumwona. Alimkuta juu ya kibodi, akibonyeza herufi kwa visigino.

"Kosa si lako, shangazi. Aliyeibuni lugha hii hakukumbuka kwamba kuna mtu atajifunza."

Akambunia nyingine, yenye maneno machache anayoyatumia kazini kila siku. Karani alipokosea, skrini ikamwambia: "Umeniambia nijumlishe maji, lakini hujaniambia ya nyumba gani."

"Ee, kweli bwana!" Akarekebisha, akarefuka hadi kiunoni mwa mumewe. Akakosea tena, akaelezwa, akamfikia begani. Lo, alivyofurahia kukosea!

Alipoipeleka ofisini, katibu alimweka mkuu wao juu ya meza ili aione skrini. Mkuu alikuwa na kimo cha chupa ya soda. Lugha ya zamani aliisomea tangu ujana. Programu ikajumlisha maji ya mtaa mzima, naye akapiga makofi.

"Safi sana. Ila hii ni rahisi mno, kila mtu ataiweza. Mtihani wa kesho utabaki kwa ile ile. Sisi sote tuliipitia, na hakuna aliyedhurika."

Katibu alikuwa na mafaili mikononi, kwa hiyo karani ndiye aliyeombwa amshushe mkuu ngazi. Akampakata vizuri, akimkinga kichwa asigonge mlango.