Kumhamisha Ngao

Mimi ni fundi wa makochi, na mtu akiniletea kochi lililochakaa siwezi kumwambia akanunue jipya. Nabadilisha sponji, nakaza mikanda, natia kitambaa kingine, mbao zinabaki zilezile. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, na ndivyo nilivyouendesha mchezo wetu wa Jumapili. Kwa hiyo Nesi alipoanza maneno yake ya kuhama mchezo, mtaelewa kwa nini nilimkunjia uso.

Niwaeleze mchezo wenyewe, maana wengi wakiusikia wanadhani ni kamari. Tunakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na hao wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema: mmefika darajani, upande wa pili kuna majambazi. Kila mmoja anasema mhusika wake anafanya nini, halafu anarusha kete. Kete hizo, pamoja na namba zilizoandikwa kwenye karatasi ya mhusika, ndizo zinazoamua kama ameweza au ameumia. Msimulizi ni mimi, na mimi ndiye ninayeamua mchezo ufungwe saa ngapi. Meza ni ile ninayokatia vitambaa, na karakana siku hiyo inakuwa imefungwa. Wachezaji walikuwa watatu: Nesi, wa wodi ya upasuaji, Mwalimu, anayefundisha hesabu shule ya msingi, na Breki.

Breki alikuwa dereva wa lori la saruji. Jina hilo tulimbandika sisi, kwa sababu kila tulipotaka kuvamia mahali alikuwa anainua mkono na kusema, "Subirini kwanza." Mhusika wake alimwita Ngao, askari mnene, mzito wa kutembea, anayetangulia mbele na ngao yake ili wenzake wapite nyuma. Wahusika wengine walikufa tukawazika kwa vicheko, Ngao hakufa. Nesi alikuwa akimtania kwamba hata kifo kinamwona mzito kubeba.

Sasa, mchezo ule ulitungwa kwa ajili ya vita tu. Tulipotaka kufanya biashara ndani yake, Mwalimu akatunga kanuni ya biashara. Tulipotaka mvua, akatunga ya mvua. Kiraka juu ya kiraka, mpaka mgeni angeingia asingejua kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi. Mimi nilijivunia kazi hiyo. Nesi ndiye aliyechoka, na siku moja akaja na kijitabu chembamba cha mchezo mwingine. Kete mbili basi, na karatasi ya mhusika haikuwa na namba hata moja. Ilikuwa na maswali.

"Mimi wiki nzima nashinda naona damu," akasema. "Nije na huku nichinje watu? Tubadilishe."

"Ukitaka mambo yasiyo ya vita sema, tutayatungia kanuni," nikamwambia. "Huu tunaujua. Tukaanze kuwa wanafunzi na hizi mvi?"

"Mvi ni zako," akasema Nesi.

Mwalimu akaniunga mkono, maana nusu ya kanuni ni zake na baba hawezi kumkana mtoto. Breki alikichukua kile kijitabu akawa anakisoma kimyakimya huku sisi tunabishana. Alipomaliza akakiweka mezani, akasema, "Maswali yake mazuri." Hakuongeza neno, alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nikasema tumalize kwanza safari tuliyomo, wakakubali, Nesi kwa shingo upande. Kijitabu kikapandishwa rafuni juu ya mabaki ya sponji. Na safari zangu hazina tabia ya kuisha.

Safari ilikuwa haijaisha Breki alipougua ini. Alilazwa, akatutoka, tukamzika.

Siku chache baada ya msiba binti yake alikuja karakana kuchukua kete za baba yake. Ni mtu mzima, ana kazi yake kwenye duka la fotokopi, na ana macho ya Breki yaleyale ya kukutazama bila haraka. Nikampa kete, nikampa na karatasi ya Ngao. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Nguvu kumi na saba. Ustahimilivu kumi na nane," akasoma. "Huyu ndiye baba?"

"Huyo ni Ngao," nikasema. "Ila ndiyo, ni kama yeye."

Jumapili iliyofuata akarudi, akaomba kukaa. Nikamvutia kiti cha baba yake. Kwa kuwa Breki alikuwa ananiita mdogo wangu, yeye akaniita baba mdogo, na Nesi akawa shangazi. Akaanza kumcheza Ngao, na mimi, sifichi, roho yangu ilitulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Namba zilezile, ngao ileile, amesimama darajani. Nilijiona nimeshinda. Breki amekwenda, lakini kwa mchezo huu tunaoujua, mtu wake anaendelea kutembea.

Binti hakuwa anacheza kama sisi. Kete zikimwendea vizuri hakushangilia. Alikuwa anasubiri tunywe chai, ndipo anauliza, "Baba hapa alikuwaje?" Na sisi tunashindana kumjibu. Tukamsimulia siku Ngao alipolizuia lango peke yake. Tukamsimulia siku alipotumbukia kisimani na ngao yake ikaziba mdomo wa kisima tukashindwa kumtoa. Mwalimu anapenda kutia chumvi, kisima kikawa kinazidi kwenda chini kila Jumapili. Binti anacheka kidogo, halafu anauliza, "Enhe, halafu?"

"Halafu tukaendelea," tunasema.

Siku moja alitupasulia. "Niwaambie ukweli wangu. Sikuja kwa ajili ya mchezo. Lori lilikuwa linamchukua wiki nzima, na siku yake moja ya kupumzika alikuwa anaileta kwenu. Mimi namtafuta baba yangu. Nilijua yuko huku."

Mwalimu akakoroga chai ambayo alishaikoroga. Nesi akainuka, akaenda kwenye rafu, akakipangusa vumbi kile kijitabu na kuniwekea mbele yangu.

Mimi ni mbishi, nadhani mmeshaliona. Sikukubali. Nilikwenda nyumbani, na wiki ile yote, mkono mmoja uko kwenye stepla ya makochi, kichwa kinatunga. Jumapili nikaja na kiraka kipya: alama za moyo. Kila mhusika atakuwa na alama za furaha na alama za huzuni, juu kabisa kumi. Nikawasomea kwa sauti.

"Huzuni ikifika kumi, mhusika anaruka zamu."

Nesi akainua macho. "Yaani mtu akifiwa, anaruka zamu."

"Moja tu," nikasema. "Halafu anarusha kete kuona kama amepona."

"Asipopona?"

"Anaruka nyingine."

Mwalimu alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Nesi naye. Mimi nilikasirika kweli, nikawaambia watunge wao basi. Aliyetunyamazisha ni Binti.

"Baba mdogo, usinielewe vibaya, umehangaika. Lakini tujaribu huo mwingine. Hii karatasi ya baba nimeshaisoma ikaisha. Nimhamishe Ngao, nione."

Ningemkatalia Nesi mpaka kesho. Binti sikuweza.

Alikibeba kijitabu, na Jumapili ya pili akaja na nakala za karatasi za wahusika alizotoa kazini kwake, amezikuza ili Mwalimu asihangaike na miwani. Mwalimu alikuwa na lake tayari: jedwali la kubadilishia, kalipiga mistari kwa rula, mchezo wa zamani kushoto, mpya kulia. Nguvu kumi na saba itakuwa ngapi huku, ustahimilivu utakuwa ngapi. Alikuwa amefanya hesabu zote kabla ya kuangalia karatasi mpya ina nini. Hiyo ndiyo akili yetu sisi. Tulidhani mtu anahamishwa kama mzigo, unaupima hapa, unaupima kule, haujapungua, mmemaliza.

"Mwalimu," Nesi akamwambia taratibu, "huku hakuna pa kuziweka."

Mwalimu akaipapasa karatasi mpya, akalikunja jedwali lake, akalitia mfuko wa shati.

Binti akashika kalamu. "Haya. La kwanza. Ngao anaogopa nini?"

Nikasema, "Haogopi kitu. Si unajua alivyolizuia lango."

"Hapa pamekatazwa kuandika hakuna kitu, baba mdogo. Wameandika chini: kila mtu anaogopa kitu. Nyie mmekaa naye. Alikuwa anaogopa nini?"

Nikamtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama Nesi. Niliwaza siku zote zile, milango, madaraja, misitu. Namjua Ngao anapiga kwa mkono gani. Namjua anabeba kamba na mienge mingapi. Nikatafuta mahali Breki aliposema kwamba kitu fulani kinamtisha, Ngao au yeye mwenyewe, sikupaona.

"Ruka hilo," akasema Nesi. "Tutalirudia."

"La pili. Aliacha nini ili aje safari hii?"

"Alikuwa anatuambia subirini," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kwamba hilo si jibu.

"La tatu. Kitu gani hajawahi kuwaambia wenzake?"

Binti aliisubiri kalamu yake ipate kazi, haikupata. Akaiweka chini.

"Nyumbani alikuwa hasemi," akasema. "Mama alikuwa ananiambia usimchokoze baba yako, maneno yake yote anayamaliza kwa wenzake kule. Nikawa nawaonea wivu. Nikasema nikikua nitakwenda niyasikilize."

"Mwanangu," Nesi akasema, "sisi tulidhani anakuwekea wewe."

Mimi macho yalinienda kwenye rafu, pale kijitabu kilipokuwa kimelala juu ya sponji. Maswali ni hayahaya. Breki aliyasoma yote, akasema mazuri, na akaketi hapo akingoja, sijui alikuwa anangoja nini, labda mtu amuulize moja. Ingetosha Jumapili moja. Ningerusha kete zangu za vita Jumapili zote zilizobaki, lakini ile moja nimpe. Najuta, na sina namna nyingine ya kulisema.

"Tuache," nikamwambia Binti. "Turudi kwenye ule wetu. Ngao yuko salama kule."

"Bado moja," akasema. Akasoma. "Nani anamngoja nyumbani?"

Hakutuuliza. Akainama akaandika, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa dukani, *mtoto mmoja wa kike*. Akaisukuma karatasi mbele yangu. Mistari mitatu mitupu, wa nne una maneno.

Kanuni ya mchezo ule ni kwamba msimulizi anaanzia palipo na jibu. Nesi akanikumbusha, bila ukali. Basi nikapiga moyo konde. Nimesimulia majoka na mafuriko bila kikwazo, lakini hapo ulimi ulikuwa mzito.

"Kuna nyumba," nikaanza. "Ni Jumapili. Kuna mtoto…"

"Amekaa kibarazani," Binti akanisaidia. "Ameshaoga. Sahani ya baba yake imefunikwa, yuko karibu nayo ili paka asiifunue. Kila lori likipita barabarani anasimama, ingawa anajua baba siku hiyo hakuendesha lori."

"Anamngoja," nikasema.

"Anamngoja."

Nilihitaji kuendelea, na nilimuuliza kama msimulizi anavyomuuliza mchezaji, bila kufikiri. "Baba yake anarudi saa ngapi?"

Aliniangalia kwa yale macho yasiyo na haraka.

"Hilo unalijua wewe, baba mdogo," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unafunga mchezo."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anangoja nimjibu.