Mtakatifu Pumzikiani, Msimamizi wa Waliochoka

Enyi wote mtakaosoma maandishi haya, jueni kwamba mimi ndimi niliyeliongezea Kanisa mtakatifu mpya, bila msaada wa askofu yeyote, kwa kalamu ya wino wa rangi mbili. Nilifanya hivyo kwa sababu Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya kusugua vyoo.

Shuleni kwetu neno "somo" lina maana tatu. Kuna somo la darasani, kuna somo linalosomwa misani, na kuna somo wako, yaani mtakatifu uliyebatizwa kwa jina lake. La kwanza hunichosha, la pili hunisinzisha, lakini huyu wa tatu ana faida. Siku ya sikukuu yake husugui, hufagii wala hudeki. Unakaa benchi la mbele kanisani, mshumaa mkononi, na shule nzima inakuombea kwa jina. Somo wangu ni wa tarehe kumi na tatu Desemba, wakati wa likizo. Miaka mitatu ya bweni, benchi hilo nalijua kwa kulifuta vumbi tu.

Ila mimi ndiye kiranja wa liturujia. Kila Jumapili naandika watakatifu wa wiki na kubandika karatasi mlangoni mwa bwalo. Bweni letu halina malalamiko: mwezi uliopita, kwa heshima ya Mtakatifu Lalensi, abati, tuliruhusiwa kuchelewa kuamka. Safari hii, kwenye mstari wa Alhamisi, niliandika: "Mt. Pumzikiani, mkaapweke, msimamizi wa waliochoka. Asiye na sikukuu yake muhula huu anaweza kumchukua. Jiandikishe hapa chini." Nikajiandikisha.

"Pumzikiani?" alininong'oneza rafiki yangu Kengele. Tunamwita hivyo kwa kuwa ndiye mpiga kengele, na pia kwa kuwa siri ikimgusa tu, inalia. "Wewe, utaungua."

"Jiandikishe na wewe."

"Mimi simo. Mwongo akiungua, jirani hupata moshi."

Jumatatu, nikipita nje ya jiko, akatoka Mama Mwiko, mpishi wetu, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Kiranja, mwanangu. Huyu wa waliochoka, hata mtu mzima anaruhusiwa kumchukua?"

"Mama?"

"Mimi nilibatizwa ukubwani, niko hoi kitandani. Padri alinimwagia maji haraka haraka, jina sikulisikia. Nilipopona, keshahamishwa, na cheti hakikuandikwa. Miaka kumi na tisa nawapikia sikukuu zenu, yangu sijui ni lini." Akainama, akasugua goti. "Na kuchoka, mwanangu, nimechoka."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Lakini ulimi hauna mfupa. "Anaruhusiwa, mama," nikasema. Mikono yake ilikuwa na unga, kwa hiyo akaniomba nimwandikie. Nikaandika jina lake chini ya langu, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumatano Kengele alinifuata kwenye kamba za nguo.

"Hongera, mwasisi. Mama Mwiko kashona gauni. Kaomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza tangu aajiriwe. Kesho jina lake linasomwa mbele ya wasichana mia tatu."

"Watu wakigundua?"

"Wewe utaongezewa vyoo. Yeye watamcheka mpaka astaafu."

Chakula cha jioni hakikunishuka, na kilikuwa kitamu, jambo lililozidi kuniumiza.

Alhamisi, kabla ya misa, Sista Mkuu aliniita sakristia. Mama Mwiko alikuwa amesimama kando ya kabati la mavazi, gauni la bluu bado na mikunjo ya dukani, mshumaa ameushika kwa mikono miwili. Mezani kulikuwa na kitabu kinene cha watakatifu.

"Kiranja," alisema Sista kwa upole, na upole wake ndio unaoogopesha. "Nataka kumsomea mama maisha ya somo wake. Nimepita P yote. Nimekutana na Pankrasi, nimekutana na Petro wa kila aina. Pumzikiani simwoni. Tusaidie. Alizaliwa wapi?"

Ningeweza kutaja jangwa. Majangwa ni mengi na hayana mashahidi. Lakini Mama Mwiko alikuwa ananitazama, akisubiri naye kujua.

"Alizaliwa bwenini, Sista. Jumapili mchana, kitandani kwangu." Nikamgeukia mpishi. "Nimemtunga, mama. Nilikuwa nakwepa vyoo. Nisamehe."

Mama Mwiko aliutazama mshumaa, kisha akauweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Chukua somo wangu," nikasema mbio, kabla mkono haujauachia. "Ni wa Desemba. Mimi huwa niko nyumbani, hana wa kumwashia hata kibiriti."

"Desemba mimi huwa hapa," alisema polepole. "Nabaki na Masista." Akanikazia macho. "Na huyu naye alizaliwa kitandani kwako?"

"Hapana, mama! Huyo yumo kitabuni, ni wa kweli kabisa. Sista atakuonyesha."

Sista akakivuta kile kitabu, akalowesha kidole, akaanza kurudi nyuma kutoka P kumtafuta somo wangu. Mama Mwiko akauchukua tena mshumaa, akasogea kuangalia. Kurasa zikapita: O, N, M. Nikaona herufi inayofuata ni ipi.

"Sista," nikasema, "ukifika L… yule Lalensi pia usihangaike kumtafuta."